Waya wa Kusugulia Vyombo

Mkulima, waya wa sufuria ni wa namna mbili. Ule laini kama pamba hushika kutu upesi. Ukiisha kusugua ukamue maji, uuanike. Ule mgumu wa kujikunja, usioshika kutu, hudumu zaidi. Wowote ukianza kukatika utupe, maana kipande chaweza kuingia chakulani na kumchoma mtoto kooni.

Lakini mkebe wa maziwa usiusugue kwa waya kamwe. Najua hung'aa sana! Mikwaruzo ile huficha vijidudu, na maziwa huchacha, yakakataliwa kiwandani. Usuuze kwanza kwa maji baridi, kwani maji moto hugandisha maziwa. Kisha tumia brashi, maji moto na sabuni. Umalizie kwa maji yanayochemka, uupindue juu ya kichanja.