Jozi ya Kati Kwenye Meza ya Watu Sita

Ukikaa kwenye meza ya watu sita ukingoja karata kubwa tu, madau ya lazima yatakumaliza taratibu. Katika Texas Hold'em ya dau lisilobadilika, riziki iko kwenye karata za wastani: jozi ya kati, jozi ya juu yenye mwenza dhaifu, mara nyingine hata ree isiyo na jozi.

Chukua meza ya dola 2 na 4. Mgawaji anapandisha, mwenye dau dogo la lazima anatupa, nami kwenye dau kubwa nina ghulamu na tisa. Nalipa; kitita ni dola 9. Mezani zinafunguliwa mfalme, tisa na nne. Napitisha, anaweka 2, nalipa. Kitita kimefika 13.

Uamuzi naufanya karata ya nne inapofunguliwa, bila kungoja ya tano. Akiweka 4 sasa na 4 tena mwishoni, nitatoa 8 kugombea 21, kwa hiyo natakiwa kushinda zaidi kidogo ya robo ya mara hizo. Mgawaji hupandisha kwa karata za kila namna, na karata mbili zisizolingana hukosa jozi kwenye tatu za kwanza takriban mara mbili kati ya tatu. Basi nalipa hadi mwisho, isipokuwa kwa yule mchezaji mgumu ambaye haweki dau la tatu akiwa mtupu. Kwenye karata ya tano bei ni 4 kwa 25: kushinda mara moja kati ya saba kunatosha. Anayetupa jozi hapo kwa hofu ya mfalme anajiumiza kuliko anayelipa na kushindwa.

Kulipa tu, hata hivyo, ni nusu ya kazi. Nikiwa wa mwisho kuamua na mwenzangu akapitisha, naweka dau. Mwenye karata mbili kubwa kuliko jozi yangu ana sita za kumwokoa, na sitaki azitafute bure. Hata kwenye karata ya tano naweka, maana wengi hulipa kwa jozi ndogo au ree, na akinipandishia nalipa dau moja zaidi tu.

Akiwapo mtu wa tatu, hesabu ni nyingine kabisa. Mmoja akiweka na wa pili akapandisha kabla zamu yangu haijafika, tisa zangu nazitupa papo hapo: bei imekuwa maradufu, na wa kwanza bado anaweza kupandisha tena kabla sijaiona karata ya nne.