Kumsemea Mgonjwa Mzee Hospitalini



Umekwisha jifunza kusoma saa, kuandika tarehe na kusoma maandishi yaliyo juu ya pakiti ya dawa. Leo tutaona jinsi elimu hiyo inavyoweza kuokoa maisha ya mzazi wako.

Kijana akiugua, hujieleza mwenyewe kwa mganga. Mzee aliyezidiwa hawezi. Pengine hasikii vizuri. Pengine amechanganyikiwa. Pengine anaona haya kuwasumbua watu. Kwa hiyo anahitaji mtu wa kumsemea. Mtu huyo ni wewe uliyempeleka.

Yaliyompata bibi yangu

Mwezi wa Machi, mwaka 2018, bibi yangu mzaa baba aliamka akitoka jasho jingi na kutetemeka. Bibi alikuwa na ugonjwa wa kisukari, na alikuwa akimeza vidonge kila siku. Jioni iliyotangulia alimeza kidonge chake, lakini hakula chakula kwa sababu tumbo lilikuwa limemchafuka. Ilipofika saa 1 asubuhi alianza kusema maneno yasiyoeleweka. Tulikodi gari, tukafika hospitali saa 3.

Tulipofika mapokezi tuliambiwa tukae kwenye benchi. Mhudumu mmoja alimtazama bibi, akasema, "Huyu ni uzee tu." Tukakaa. Saa 4 ikapita. Bibi akaacha kusema kabisa, kichwa chake kikaniangukia begani.

Baba mdogo akainuka, akaanza kufoka na kugonga meza. Akawatukana wauguzi. Mlinzi akaitwa, akamtoa nje. Bibi alibaki pale pale kwenye benchi. Mimi nilikuwa msomi kuliko wote katika safari ile, lakini nilikaa kimya. Niliona haya.

Ndipo shangazi yangu alipofungua pindo la kanga yake, akatoa kijidaftari. Shangazi alijifunza kusoma ukubwani, katika darasa kama hili lako. Alimwendea muuguzi wa zamu, akamwambia, "Habari za kazi, sista. Pole na wagonjwa. Naomba nikusomee habari za mama yangu." Akasoma polepole, neno moja moja:

"Ana miaka 74. Ana kisukari. Jana saa 1 usiku alimeza kidonge. Hakula. Leo saa 12 asubuhi alinisalimu vizuri. Saa 1 akaanza kuchanganyikiwa. Sasa haitiki akiitwa. Pakiti ya dawa ni hii. Naomba apimwe sukari."

Muuguzi aliichukua pakiti, akaitazama, akaja mbio. Bibi alitobolewa kidole. Sukari yake ilikuwa 1.8. Kwa kawaida sukari ya mtu haishuki chini ya 4. Walimtia maji ya sukari katika mshipa, na kabla ya dakika 15 kwisha bibi alifumbua macho, akauliza kanga yake iko wapi.

Mchana tuliambiwa tumrudishe nyumbani. Shangazi akauliza tena kwa upole, "Daktari, kidonge kile kimekwisha nguvu mwilini? Sukari ikishuka tena usiku, sisi tunakaa mbali." Daktari akaisoma pakiti upya, akaamua bibi alale pale. Usiku ule, saa 8, sukari ilishuka mara ya pili. Kwa kuwa alikuwa wodini anapimwa, ilionekana mapema akatibiwa. Siku ya tatu tulirudi naye nyumbani.

Wauguzi wale hawakuwa watu wabaya. Asubuhi ile walikuwa wawili, na benchi lilikuwa limejaa. Baba mdogo alimpenda mama yake kama shangazi alivyompenda. Lakini kufoka kwake hakukumwambia muuguzi lolote kuhusu ugonjwa. Daftari la shangazi lilimwambia.

Uzee si ugonjwa

Ukiambiwa "ni uzee tu", usikubali upesi. Uzee huja polepole kwa miaka mingi. Mtu aliyekuwa anaongea vizuri jana na leo hajui alipo, huyo ana ugonjwa. Yawezekana sukari imeshuka au imepanda. Yawezekana ni malaria, homa ya mapafu, ugonjwa wa njia ya mkojo, kiharusi, au maji yamepungua mwilini. Mzee aweza kuwa na homa ya mapafu bila mwili kuwa wa moto. Kuchanganyikiwa kwa ghafla kwaweza kuwa ndiyo dalili yake ya kwanza.

Mkimbize mzee hospitali, mchana au usiku, ukiona dalili hizi:

1. Uso umepinda upande mmoja, mkono au mguu umelegea, au maneno hayatoki sawasawa. Hiyo ni dalili ya kiharusi. Kumbuka saa ilipoanza.
2. Amechanganyikiwa ghafla, au haamki.
3. Anapumua kwa shida, au kifua kinambana.
4. Ameanguka, na hawezi kusimama au amegonga kichwa.
5. Anatapika au anaharisha, na hapati mkojo.

Mgonjwa wa kisukari akitetemeka na kutoka jasho, lakini bado anaweza kumeza, mpe vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari katika maji, kisha mpeleke. Kama amezimia, usimtie kitu chochote mdomoni. Atapaliwa.

Daftari la mzee

Usisubiri mzee augue. Andika leo mambo haya katika daftari dogo:

1. Jina lake kamili na umri wake.
2. Magonjwa aliyo nayo.
3. Dawa anazotumia, pamoja na za kienyeji, na saa anazozitumia.
4. Dawa zinazomdhuru.
5. Hali yake ya kila siku: je, anatembea mwenyewe? Anaongea sawasawa?

Jambo la tano ni kubwa. Muuguzi hamjui mzee wako. Akimkuta amelala kimya, atadhani ndivyo alivyo siku zote. Mwambie, "Juzi alikuwa shambani anapalilia." Hapo atafahamu kuwa kuna jambo limetokea.

Siku ya safari, chukua daftari, pakiti za dawa, kadi ya hospitali, kitambulisho chake na kadi ya bima kama anayo. Kama mmetoka zahanati, chukua barua ya rufaa.

Ukifika hospitali

Mgonjwa wa dharura hapangi foleni. Mahali pa dharura, aliye na hali mbaya zaidi hutangulia, hata kama amefika mwisho. Mwaka 2010 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua idara kamili ya dharura, na tangu hapo hospitali nyingine nazo zimefungua zao. Lakini popote ulipo, hata pasipokuwa na idara hiyo, unaweza kusema, "Mgonjwa wangu ni wa dharura. Naomba atazamwe kwanza."

Sema kwa mpangilio: ni nani, nini kimebadilika, tangu saa ngapi, anatumia dawa gani, na unaomba nini. Usisimulie habari za njiani.

Hali ikibadilika mkiwa kwenye benchi, usingoje kuitwa. Rudi useme, "Tulipofika alikuwa anaongea. Sasa haongei." Andika saa.

Usiposikilizwa, panda ngazi moja moja. Anza na muuguzi wa zamu. Kisha omba kumwona daktari wa zamu. Kisha muulizie mganga mfawidhi, ambaye ndiye mkuu wa mahali pale. Ikiwa hapana vipimo au dawa, uliza, "Je, tupewe rufaa?" Kila mara sema kwa adabu, lakini usiondoke bila jibu. Hata mganga akisema hapana, una haki ya kuuliza kwa nini.

Mzee akilazwa, kazi yako haijakwisha. Hakikisha anapata maji na chakula kama mganga ameruhusu. Asiyeweza kujigeuza kitandani ageuzwe kila baada ya saa 2, ili asipate vidonda vya mgongoni na kiunoni. Mwombe muuguzi akuonyeshe namna ya kumgeuza.

Malipo na rushwa

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na zaidi, na ilielekeza kwamba mzee asiye na uwezo apate matibabu bila malipo. Muulize mtendaji wa kijiji utaratibu wa kitambulisho au bima sasa, wakati mzee ni mzima. Kama mmefika hospitali na fedha hamna, muulizie afisa ustawi wa jamii. Kazi yake mojawapo ni kuwasaidia wagonjwa wasio na uwezo.

Ukitakiwa kulipa, omba risiti. Fedha isiyo na risiti ni ya kutilia shaka. Ukidaiwa rushwa, waweza kupiga simu TAKUKURU, namba 113, bila malipo.

Kama mzee hakutendewa haki, usiishie kulalamika kilabuni au kisimani. Andika barua kwa mganga mfawidhi, au kwa mganga mkuu wa wilaya. Taja tarehe, saa, mahali na yaliyotokea. Usiandike matusi, wala jambo usilolishuhudia. Na kama mlihudumiwa vizuri, andika pia kushukuru. Shangazi alifanya hivyo. Alimshukuru yule muuguzi aliyekuja mbio.

Bibi aliishi miaka mingine mitatu baada ya siku ile. Daftari lake bado liko kwa shangazi. Sasa limeandikwa habari za shangazi mwenyewe, na safari hii anayeliandika ni mimi.

Maswali

1. Kwa nini mhudumu alisema "ni uzee tu"? Je, alikuwa sahihi?
2. Baba mdogo alikosea wapi? Mwandishi naye alikosea wapi?
3. Kwa nini shangazi alikataa kumrudisha bibi nyumbani mchana ule?
4. Taja dalili tatu za kumkimbiza mzee hospitali.
5. Katika kijiji chako, ni nani anayeshughulikia matibabu ya wazee wasio na uwezo? Jadilianeni darasani.

Zoezi

Chagua mzee mmoja wa nyumbani kwako. Kaa naye, muulize, kisha andika daftari lake kama ulivyoonyeshwa. Lilete darasani juma lijalo, kisha lirudishe nyumbani, ulitundike mahali ambapo kila mtu ataliona usiku.