Mgeni wa Usiku Uani: Vidokezo 8 kwa Wakazi wa Kigoma na Ujiji

Kuku wanapiga kelele bandani, mbwa anabweka kuelekea migombani, na tochi yako inakutana na macho mawili yanayong'aa. Kwetu mwambaoni mwa Tanganyika, milima na ziwa viko mlangoni, kwa hiyo wageni hawa wataendelea kuja. Wengi hawana ugomvi na mtu. Fanya hivi:

1. Tulia, acha njia wazi. Usikimbie wala usirushe jiwe. Mnyama aliyebanwa ukutani ndiye anayeuma. Fungua geti, ingiza watoto na mbwa ndani, kisha rudi nyuma polepole.

2. Mtambue kwanza. Sokwe wa Gombe si yeye. Saa hizo wamelala kwenye viota vyao mitini. Mwenye madoa, uso mweusi na harufu kali ni fungo, mpenzi wa matunda, hasa maembe ya Ujiji yakianza kudondoka. Mwembamba mwenye mkia mrefu wa pete ni kanu: huyo anataka kuku, ingawa panya pia anawamaliza. Anayeruka mitini akilia kama mtoto mchanga ni komba.

3. Nungunungu hatupi mishale. Miiba yake huchomoka ikimgusa adui. Akikasirika huitikisa, kisha hurudi kinyumenyume kwa kasi. Amefuata mihogo yako. Mpishe, na mzuie mbwa, maana ndiye huumia.

4. Kakakuona usimguse. Hana meno, chakula chake ni mchwa na sisimizi, na akiogopa hujiviringisha tu. Biashara ya kimataifa ya kakakuona wote ilipigwa marufuku mwaka 2017, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 inalinda wanyamapori wetu. Akija mtu kuulizia magamba, mkatae na utoe taarifa kwa ofisa wanyamapori wa halmashauri.

5. Mulika unapokanyaga. Kifutu hulala njiani bila kusogea, na wengi huumwa kwa kumkanyaga. Swila akikutemea sumu machoni, suuza kwa maji mengi safi bila kusugua. Yule swila wa maji wa ziwani hula samaki na kujificha kwenye mawe, mwache huko. Nyoka akikuuma, usichanje, usinyonye, usifunge kamba. Kiungo kilichoumwa kisitikiswe, na uwahi hospitali usiku huohuo.

6. Kiboko mwepuke mapema. Usiku hutoka majini kula nyasi. Ana uzito wa zaidi ya tani moja, na mbio zake huziwezi. Kamwe usisimame kati yake na maji. Ingia ndani, wapigie simu majirani wasitoke, na mjulishe mwenyekiti wa mtaa au kijiji.

7. Ukiumwa au ukikwaruzwa, osha. Maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15, kisha kituo cha afya kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Mnyama wa porini anayepepesuka, au asiyeogopa watu kabisa, kaa naye mbali sana.

8. Asubuhi, safisha ua. Dagaa walioachwa kwenye chanja, vichwa vya migebuka na maembe yaliyooza ndivyo vinavyowaita. Anua dagaa kabla ya giza, fukia taka, fyeka nyasi, ondoa malundo ya kuni karibu na mlango, na banda la kuku lifunge kwa wavu wa matundu madogo.

Na wazazi, wafundisheni watoto majina ya wanyama hawa na tabia zao. Anayemjua fungo hatamwita mchawi, wala hatakimbilia rungu. Tumpishe mnyama arudi porini, nasi turudi kulala salama.