Usisugue sufuria mpaka ilie

Mdogo wangu wa Himbi, hapa Goma, jana asubuhi nimekuona. Umegeuza sufuria kwenye jiwe la volkano, kiganja kimejaa majivu na mchanga mweusi, unasugua utadhani mdeni wako kajificha humo. Nikajisemea, huyu mama mkwe wake yuko njiani. Usione haya, wote tumepitia. Kwetu mke mgeni hukaguliwa vyombo kabla hajakaguliwa moyo.

Sasa keti, yaya yako akueleze. Weusi wa nje unaokutia aibu ndio unaokusaidia. Makala yakikolea kwenye mbabula hurusha joto. Sufuria inayometameta hulirudisha lilikotoka, nyeusi hulimeza. Masizi mazito yanayobanduka, hayo kwangua, maana ni blanketi. Weusi ulioshika mwilini uache. Bei ya gunia la makala unaijua, na unajua mangapi yanatoka msitu wa Virunga, hifadhi ya tangu 1925. Wewe unang'arisha chombo ili ule makala mengi zaidi?

Ndani ndiko kwenye hatari. Alumini ikigusana na hewa hujivika ngozi nyembamba inayoizuia isiingie chakulani. Kijivu kinachobaki ukichemsha maji ni ngozi hiyo imenenepa, si uchafu. Sasa pika nyanya humo uone sufuria inavyotakata yenyewe. Kile kijivu kimekwenda wapi, mdogo wangu? Kimo kwenye mchuzi.

Mimi mwenyewe, mwaka wa kwanza wa ndoa, nilisugua kwa steelwool hadi nikajiona usoni, nikapika sambaza, samaki wale wadogo, kwa nyanya na limau nyingi, nikaacha zilale humo usiku kucha. Asubuhi mchuzi una ladha ya sarafu, na chini ya sufuria kuna vidoti kama ngozi iliyougua ndui. Shemeji alionja, akaniangalia, akaomba chai. Uzuri wa mkakasi! Chakula chenye uchachu wa limau au nyanya ukimaliza kupika kihamishe, bakuli la udongo au la kauri linatosha. Kisilale kwenye alumini, nakuomba.

Na zile sufuria nzito zinazotengenezwa kwa kuyeyusha vyuma chakavu, vipande vya injini na makopo, nazo tuziangalie. Zinadumu, najua, na bei yake inavutia. Lakini watafiti waliopima za namna hiyo huko Kameruni, matokeo yakatoka 2014, walikuta zinatoa risasi, na risasi huharibu akili ya mtoto. Uji wa mtoto usiupikie humo. Chemshia maji ya kuoga, basi.

Halafu acha kuilaumu sufuria maharagi yasipoiva. Hapa kando ya Ziwa Kivu tuko karibu mita 1,460 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayafiki 100. Ukiongeza makala, maji hayazidi joto, yanarukaruka tu na kukauka, na wewe unazidi kununa. Loweka tangu usiku, umwage maji yale, pika umefunika, moto wa wastani.

Sombe ni kinyume chake, na hapa nitakugombeza kweli. Jani la muhogo lina sumu, sianidi. Kutwanga vizuri ndiko kunakoifungulia, na mvuke ndio unaoiondoa. Ukifunika tangu mwanzo kwa kuharakisha, unairudisha chunguni. Mama zetu waliacha wazi, ikachemka muda mrefu, wala hakuna aliyewafundisha neno sianidi. Twanga mpaka ilainike, acha wazi, na usinidanganye kwamba ulitwanga ikiwa mchi haujalowa.

Ukiwa bado una hamu ya kung'arisha kitu kabla mama mkwe hajafika, ng'arisha kifuniko. Chuma kinachong'aa hakipotezi joto haraka kwa juu, na akiingia jikoni hicho ndicho atakachokiona kwanza.