Istilahi na Uhai: Neno "Kalsifilaksisi" katika Hospitali za Kericho na Bomet

Makala hii inajadili istilahi moja ya kitabibu, kalsifilaksisi, kwa kuzingatia mazungumzo ya mgonjwa na muuguzi katika maeneo ya chai ya Kericho na Bomet. Mkipsigis, Mkisii na Mluo wamekutana kwa Kiswahili katika mashamba hayo tangu enzi za ukoloni. Vivyo hivyo, katika hospitali kama Tenwek na Longisa, maumivu huweza kuelezwa kwa lugha isiyo ya kwanza kwa msemaji wala kwa msikilizaji.

Istilahi hii iliasisiwa na Hans Selye mwanzoni mwa miaka ya 1960, kutokana na majaribio yake kwa panya. Sehemu yake ya pili ni neno la Kigiriki lenye maana ya kinga. Hapa pana kinaya, kwani ugonjwa wenyewe haukingi chochote. Huwapata zaidi watu ambao figo zao zimeshindwa kazi, hasa wanaosafishwa damu kwa mashine. Kalisi hujikusanya katika kuta za vishipa vya ngozi na vya mafuta yaliyo chini yake, damu ikakosa njia, na ngozi ikafa.

Utohozi pekee haumfai mgonjwa. Kumwambia kwamba "damu imeganda" ni hatari zaidi, kwa sababu atadhani dawa yoyote ya kuzuia damu kuganda ni tiba, ilhali mojawapo ya dawa hizo, warfarini, huongeza uwezekano wa kuugua. "Vishipa kuzibwa na kalisi" ni tafsiri ndefu, lakini haipotoshi.

Suala zito zaidi ni swali la muuguzi. Maumivu makali mara nyingi hutangulia kidonda. Ngozi ya paja, tumbo au matako huuma hata ikiguswa na nguo. Baadaye huwa ngumu, hutokeza mabaka yenye umbo la wavu, kisha kidonda chenye kigaga cheusi. Mabaka hayo huelezwa kuwa ya zambarau, rangi ambayo hujificha kwenye ngozi nyeusi. Kwa hiyo, "Nikigusa hapa unasikiaje?" ni swali bora kuliko "Umeona nini?" Mchuma chai aliyezoea mikwaruzo ya vijiti aghalabu atajibu kwamba ni kidonda tu, au ataambiwa kuwa ni kidonda cha sukari.

Katika matibabu, daktari huchunguza upya dawa zote: warfarini, vidonge vya kalisi na vitamini D husimamishwa inapowezekana, na fosfeti katika damu hupunguzwa. Usafishaji wa damu huweza kuongezwa. Maumivu hutulizwa na kidonda hutunzwa kwa uangalifu mkubwa, maana vijidudu vikiingia katika damu huua. Takribani nusu ya wagonjwa hufariki ndani ya mwaka mmoja. Thiosulfeti ya sodiamu hutumiwa pia, ingawa ushahidi wa manufaa yake ungali dhaifu. Hata kukata kipande cha ngozi kwa uchunguzi huweza kuanzisha kidonda kisichopona.

Kitenzi nacho kina uzito wake. Dawa "husimamishwa" na daktari. Mgonjwa akiambiwa tu "acha dawa", huenda akaacha zote, pamoja na ile ya moyo. Kauli salama ni "Usiache yoyote mwenyewe, zilete zote tuzione."