Tumeshukuru, Sasa Twende Tukaseme



Kijana mwenzangu, leo nataka tutafakari maneno mawili tunayoyasema kila Jumapili, mara nyingi bila kuyasikiliza. Mwisho wa Misa padre au shemasi anatuambia twende na amani, nasi tunajibu: "Tumshukuru Mungu." Wengine tayari wana simu mkononi, na watani husema tunashukuru kwa sababu Misa imeisha!

Lakini hebu tuangalie vizuri. Pale hatuagwi tu, tunatumwa. Neno Ekaristi linatokana na Kigiriki, na maana yake ni shukrani. Neno Misa linatokana na Kilatini, katika yale maneno ya kuwaaga waamini, na Kanisa linatufundisha kwamba ndani yake kuna kutumwa. Kwa hiyo ibada ileile ina majina mawili: shukrani na kutumwa. Huwezi kuchukua moja ukaacha lingine. Ndiyo maana naamini kijana asiyejua kushukuru atapata shida sana kushirikisha imani yake. Atasema nini, wakati hajaona alichopewa?

Injili inasemaje?

Soma Luka 17:11-19. Wakoma kumi wanaponywa, mmoja tu anarudi, tena Msamaria. Luka anasema alirudi akimtukuza Mungu kwa sauti kubwa. Yaani shukrani yake ilisikika. Hakuja kumnong'oneza Yesu sikioni. Na Yesu hakumwambia akae pale miguuni pake, alimwambia ainuke aende.

Halafu soma Marko 5:18-20. Yule mtu aliyetolewa pepo anaomba afuatane na Yesu. Ombi zuri kabisa! Yesu anamkatalia. Anamtuma nyumbani kwa watu wake, akawaeleze mambo makuu Bwana aliyomtendea. Hakuwa na mafundisho ya katekesi wala shahada ya teolojia. Alichokuwa nacho ni kile alichotendewa, na kikamtosha kutangaza katika Dekapoli.

Dada yetu Bakhita

Sasa labda unasema: "Hao walipona. Mimi nina nini cha kushukuru? Kazi sina, nyumbani kuna ugomvi, nimeomba mpaka nimechoka." Swali hilo ni la kweli, na sitaki kulipita haraka. Nakuomba umtazame Mtakatifu Josephine Bakhita.

Alizaliwa Darfur, Sudan, karibu na mwaka 1869. Alitekwa akiwa mtoto mdogo, akauzwa mara kadhaa, akapigwa mpaka akabaki na makovu maisha yake yote. Hofu ilimfanya asahau hata jina alilopewa na wazazi wake. "Bakhita" ni jina alilopewa na waliomteka, nalo lina asili moja na neno letu "bahati". Fikiria: mtoto aliyeibiwa anaitwa mwenye bahati!

Baadaye alipelekwa Italia, na huko, kwa masista wa Canossa, akafundishwa habari za Mungu. Alibatizwa tarehe 9 Januari 1890, na mwaka 1896 akaweka nadhiri katika shirika hilohilo. Inasimuliwa kwamba alizoea kubusu kisima cha ubatizo, kwa sababu pale ndipo alipofanywa binti wa Mungu. Hiyo ndiyo shukrani yake, na haikuishia pale kisimani. Katika mji wa Schio alipika, alishona, alitunza sakristia, alipokea watu mlangoni. Wakubwa wake wakamtuma pia kuzunguka Italia kusimulia maisha yake na kuhimiza umisionari. Papa Benedikto XVI, katika waraka wake Spe salvi wa mwaka 2007, anaeleza kwamba tumaini lililomkomboa Bakhita hakuweza kubaki nalo peke yake, ilibidi liwafikie wengi. Alitangazwa mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000.

Tusichanganye mambo

Bakhita hakusema utumwa ni kitu kizuri. Kushukuru si kuita baya jema. Mtume Paulo anatuhimiza tushukuru katika kila hali (1 Thes 5:18), lakini hatuambii tuupigie makofi uovu. Kama kuna mtu anakuumiza, tafuta msaada, sema. Bakhita mwenyewe, walipotaka kumrudisha Afrika, alikataa, na mwaka 1889 mahakama ya Italia ikathibitisha kwamba yeye ni mtu huru. Alishukuru kwa sababu hata katika njia ile ya machozi Mungu hakumwacha.

Jambo la pili: shukrani si kujionyesha. Jamani, tuseme ukweli, kuna ushuhuda tunaouweka kwenye status ambao ukiuchuja vizuri unabaki na picha ya gari jipya tu. Jiulize: aliyekusikia ameondoka akimwaza Mungu, au akikuwaza wewe? Na yule ambaye bado hajapata, umemwachia tumaini au umemwongezea kidonda?

Tufanye nini wiki hii?

1. Kila usiku kabla ya kulala, taja jambo moja la siku hiyo unalomshukuru Mungu. Litaje kwa jina. "Asante kwa yote" ni rahisi, lakini mara nyingi inapita juu juu.

2. Chagua mtu mmoja, iwe nyumbani, kazini au kijiweni, umsimulie jambo moja Mungu alilokutendea. Usimhubirie, msimulie tu. Kisha msikilize na yeye.

3. Mtafute mtu aliyekuletea imani: mama, bibi, katekista, msimamizi wako wa ubatizo au kipaimara. Mpigie, mwambie asante. Kama ameshatangulia, mwombee kwenye Misa.

Na Jumapili ijayo, ukiambiwa nenda na amani, jibu kwa moyo. Hapo unakubali kutumwa.

*Tuombe:* Ee Bwana, umetupa mengi kabla hatujaomba. Tufumbue macho tuyaone, utufungue midomo tuyaseme, na wale wanaolia leo wapate kwetu sababu ya kukutumainia. Mtakatifu Josephine Bakhita, utuombee. Amina.