Mnyoo Uliokaribia Kwisha

Wako wasemao kwamba dunia yazidi kuharibika, na sisi wa Juba, tulioona vita, si rahisi kuwajibu. Lakini neno kama hili hujibiwa kwa hesabu. Basi na tutazame jambo moja lililo karibu nasi: mnyoo wa Guinea.

Mtu hunywa maji ya dimbwi yenye vidudu vidogo mno, navyo vimebeba mabuu ya mnyoo. Hajui lolote mpaka upite mwaka hivi. Ndipo hutoka lengelenge, aghalabu mguuni, lichomalo kama moto. Likipasuka, mnyoo hujitokeza, mwembamba kama uzi, na urefu wake waweza kufika mita moja. Huzungushwa kijitini kidogo kidogo, siku nyingi, maana ukikatika ndani taabu huzidi. Mgonjwa akitia mguu majini ili apate nafuu, mnyoo humwaga mabuu humo, na wengine huja kuyanywa. Mkulima akishikwa wakati wa kupanda, shamba lake hulala.

Dawa ya kuuponya haipo, wala chanjo. Hata hivyo, mwaka 1986 duniani waliugua watu wapatao milioni 3.5, mwaka 2023 waliugua 14. Katika nchi yetu walihesabiwa 20,581 mwaka 2006. Mwaka 2023 walikuwa wawili.

Ulishindwa kwa nini basi? Kwa kitambaa cha kuchujia maji, kwa mrija wenye kichujio ambao mchungaji huuvaa shingoni, kwa dawa iliyotiwa madimbwini, na zaidi kwa watu wa vijijini waliopita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani ana lengelenge. Hata vita vilingoja: mwaka 1995 Jimmy Carter, aliyewahi kuwa Rais wa Marekani, alizipatanisha pande mbili, zikaweka silaha chini karibu miezi sita ili kazi hii ifanyike. Jirani zetu wa Uganda, waliokuwa na wagonjwa zaidi ya 120,000 mwaka 1992, walimwona wa mwisho mwaka 2003, wakapewa cheti mwaka 2009.

Sisi bado. Mwaka 2017 hakuonekana mgonjwa hata mmoja, watu wakafurahi. Mwaka 2018 wakatokea kumi. Cheti hakitolewi mpaka ipite miaka mitatu mizima pasipo mgonjwa. Wahesabuji wakarudi vijijini, wakaanza tena kuuliza.